Mmea Uliokauka Vitone

Mjukuu wangu Akinyi,

Nakusalimu kutoka Kendu Bay. Sisi ni wazima, na shangazi yako amejifungua msichana. Umeniuliza kwa nini mmea wako unaonasa wadudu umekauka vile vitone vyake vya utomvu.

Nami niliwahi kuwa nao. Nilipoolewa, miaka ya tisini, niliuchimbua kwenye kinamasi karibu na kwetu Migori, nikaja nao huku ndani ya kikombe cha bati. Mwaka huo mimba yangu ya kwanza iliharibika. Sitasema mengi. Kutwa nilikaa nikiutunza ule mmea. Niliutilia samadi, nikaumwagilia maji ya kisima yenye chumvi, nikauficha kivulini. Vitone vikakauka, majani yakawa meusi.

Mama mkwe, aliyekuwa akinihimiza kila saa nile, ninywe, nicheke, alichuchumaa kando yangu.

“Nyar Migori,” akasema, maana ndivyo alivyoniita, binti wa Migori, “huko kinamasini nani aliupa samadi?”

Tukaupanda upya kwenye mchanga uliooshwa, tukauweka juani ndani ya sahani ya maji ya mvua. Kisha tukauacha.

Asubuhi moja tukakuta jani jipya, jekundu, limejaa vitone, kana kwamba mvua ndogo ilikuwa imenyesha pale tu. Mama mkwe alinitazama. Siku hiyo hakunihimiza lolote. Alikaa nami juani mpaka nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, “Mama, nina njaa.”

Ni mimi,
Dani yako