Mluzi Chini ya Kiganja cha Kushoto

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, dirisha la uani.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokuwa unakificha kwenye simu kimekwisha. Mama alikisikia. Bibi hakukisikia, kwa hiyo siri yako iko salama kwa nusu ya nyumba. Je, baridi ya huko bado inakung'ata vidole ukishika spana? Bibi anauliza kila siku, na kila siku Mama anamjibu kwamba umeshazoea, ingawa hakuna anayejua kama umezoea.

Sisi hatujambo. Macho ya Bibi yanaendelea vizuri tangu apasuliwe, ingawa bado uzi wa sindano anautafuta kwa vidole. Mama siku hizi anafanya kazi hapa hapa nyumbani. Mimi ni yule yule. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo kwa lugha ya shule na kwa hii yetu, na linanikwama kooni kwa zote mbili.

Ndiyo maana nakuandikia. Ukipiga simu inawekwa sauti ya juu, Bibi anapiga kelele akidhani mbali hakufiki bila kelele, Mama anauliza umekula nini, na ikifika zamu yangu nasema "nzuri, nzuri" mpaka salio linakata. Ulivyonibandika jina la Redio ulijua unachofanya. Redio isiyo na betri.

Nina ombi, Mjomba, lakini kwanza ujue yaliyotupata wiki hii.

Ni ile kompyuta mpakato ya gemu uliyonitumia, ile nzito yenye taa za rangi kwenye vitufe. Siku ilipofika Bibi aliibeba kama mtoto mchanga. Akasema kitu kilichosafiri hivyo kutoka kwa mwanawe hakiwezi kulala juu ya mbao tupu. Akafuma kitambaa kinene cha sufu, rangi ya chungwa, kina marinda pembeni, akakitandika mezani. Alikifuma kwa kupapasa, kabla hajapasuliwa macho. Tangu hapo kompyuta haijawahi kukaa mahali pengine.

Gemu sikucheza sana. Mama aliacha kazi kule studio, akaanza kuchukua na kuhariri video za harusi mwenyewe, na kompyuta yenye nguvu ya kazi hiyo humu ndani ni yangu tu. Sikumnyima. Nakuambia wewe peke yako kwamba kidogo niliumia. Mwenye studio alimwambia mlangoni, mbele ya wateja, "Nenda, lakini utarudi. Mlango siufungi." Mama akija kupika huwa analikumbuka neno hilo, namjua kwa anavyokata vitunguu.

Mteja wake wa kwanza ni muuguzi mmoja aliyeolewa mwezi uliopita. Kadi za kamera zilikuwa za kuazima na mwenye kadi alizitaka. Mama akahamishia kila kitu kwenye kompyuta, akazifuta, akazirudisha. Kuanzia hapo harusi nzima ya watu ilikuwa inaishi mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni mezani petu.

Basi nikaanza kusikia mluzi.

Siyo feni. Feni inavuma. Huu ulikuwa mwembamba, kama mtu anayevuta hewa kwenye pengo la jino. Nikamwambia Mama. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, masikio yako yana mbu." Nikasoma kwenye mtandao nikakuta kwamba sauti nyembamba sana vijana huzisikia na watu wazima hazifiki masikioni mwao. Nikamtafsiria. Akaniangalia. "Yaani mimi ni mzee?"

Lakini nilifanya ulivyonifundisha nikiwa nakushikia tochi chini ya magari: usibishane na sauti, itenganishe. Nikafungua gemu, kukatokea mlio mwingine kama wa mbu, nikaifunga gemu, ukaondoka nayo. Huo ni wa umeme, hauna madhara. Nikachomoa chaja, mluzi upo. Nikafunga kila kitu, feni ikapunguza, mluzi upo. Ndipo nikachukua ile bisibisi yako ndefu ya mpini wa mbao, nikagusisha ncha kwenye bamba la vitufe, sikio kwenye mpini, nikasogea polepole kama unavyosogea kwenye injini. Ulikuwa chini ya kiganja cha kushoto, pale kinapolala ukiandika. Na bamba pale lilikuwa la moto, Mjomba. Mama hakujua kwa sababu anatumia kipanya, mkono wake haufiki.

Kumbe ndani mna diski mbili, ndogo yenye programu na kubwa inayozunguka, ambako Mama aliiweka harusi. Zimelala jirani kama watu wa kitanda kimoja, mmoja akishikwa na homa mwenzake naye analowa jasho. Nikaweka kaprogramu ka kupima joto. Wanaojua wanasema diski ya kuzunguka isivuke nyuzi hamsini. Yetu ilikuwa karibu na sitini.

Namba Mama aliiamini. Akamwita fundi wa simu na kompyuta wa pale kona, yule wanayemwita Daktari, aje nyumbani, maana alikataa harusi ya watu itoke nje ya mlango. Daktari akaigeuza, akafungua mfuniko, akaingiza koleo dogo kwenye feni, akavuta. Likatoka donge la manyoya, rangi ya chungwa.

"Makubwa!" akasema, anacheka. "Humu ndani mnafuga paka wa rangi hii?"

Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa ameketi pale pale na kikapu chake cha nyuzi mapajani. Alilitazama lile donge kwa macho yake mapya, akainuka, akasema anaenda kuangalia maharage. Maharage yalikuwa hayajabandikwa.

Daktari akapuliza vumbi lote, akasema feni imepona, lakini mluzi haujui. Akamwachia Mama diski ya nje ya kuazima. "Dada, nakili kwanza, mengine baadaye." Mama akasema atanakili akimaliza kuhariri, mara moja, aepuke kazi mbili. Kisha akairudisha kompyuta mahali pake. Juu ya kitambaa.

Nilijua, Mjomba. Matundu ya hewa yako chini, na sufu imeyaziba kama mkono juu ya pua. Mama naye nadhani alijua nusu, ila baada ya ule utani wa paka nani angekitoa kitambaa mbele ya mama yako? Jioni hiyo mezani niliamua kusema. Nikafungua mdomo, nikamwangalia Bibi, nikaomba chumvi.

Kesho yake nikaingiza vijiko viwili kwa siri, hewa ipite chini. Niliporudi kutoka shule vilikuwa vimeoshwa vimeanikwa. "Nani anaacha vijiko kwenye kitambaa changu?" Bibi aliuliza nyumba nzima.

Alhamisi hatukuwa na masomo ya mchana. Nilikuwa hapa chumbani nikasikia mluzi umebadilika. Ulishuka, ukawa kama unakwaruza, kisha tk. Kimya. Tk. Nikatoka. Bwana harusi alikuwa ameganda kwenye kioo, mdomo wazi. Mama alikuwa anapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzimia.

"Imeganda tu," akasema. "Naizima, naiwasha."

Nilikuwa nimesoma kwamba diski iliyochoka hivyo ikishasimama inaweza isizunguke tena.

"MAMA, USIGUSE!"

Sijui ile sauti ilitoka wapi. Mama alirudisha mkono kama aliyeungua. Jikoni sufuria ilianguka, na Bibi akauliza kuna nini. Bibi, Mjomba. Alinisikia.

Mama hakunigombeza. Alikuwa amepauka. "Unasikia nini?" akauliza, na ndiyo mara ya kwanza aliniuliza hivyo. Nikampa bisibisi. Akaweka sikio, akatikisa kichwa, hasikii. Nikakumbuka maneno yako, kwamba anayekosa sikio atumie meno. "Ng'ata mpini," nikamwambia. Akanitazama kama nimerukwa na akili, akang'ata. Nikaona mabega yake yanashuka; ameusikia.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa mnakula bisibisi?"

Mama akanitazama. Hakuna aliyesema kwa niaba yangu. Nikamwendea Bibi nikamshika mkono, nikamkalisha, nikamwekea mpini kati ya yale meno yake ya mbele. Akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akautoa mdomoni, akaweka kiganja chake juu ya bamba, na kingine akakipitisha chini, kati ya kompyuta na sufu. Akakichomoa haraka.

"Kinatetemeka kama mtoto mwenye homa," akasema. "Na mimi nimekivika sweta."

Nilisema, "Ndiyo, Bibi." Maneno mawili. Nilidhani yataniua.

Akaniambia niinyanyue. Nikainyanyua taratibu, yeye akakivuta kitambaa, Mama akaweka vitabu vyangu viwili, kimoja kila upande, pakawa na njia ya hewa katikati. Bibi akakikunja kile kitambaa mara mbili, akakishika kwa marinda yake, akaanza kupepea.

Tukangoja. Bwana harusi akafunga mdomo. Picha ikatembea.

Nikachomeka diski ya Daktari. Mama alitaka tuhamishe vyote kwa mkupuo, nikamkatalia. Nilianza na viapo, halafu wazazi, halafu mengine, ili kama ni kufa ife ikiwa imebaki na ya mwisho. Kila faili nilitazama namba. Ikipanda sana nasimamisha, tunaiacha ipumue, naendelea. Kila tk Mama alikuwa ananishika bega. Bibi hakumpa mtu zamu. Mkono wa kulia ukichoka anahamishia wa kushoto, na kila nikisimamisha anauliza, "Bado ipo?" Namjibu, "Ipo, Bibi." Sijawahi kuongea na watu wazima mfululizo namna ile.

Faili moja ilikataa. Nilijaribu, ikagoma, nikajaribu tena, mluzi ukapanda, nikaiacha. Ilikuwa hotuba ya shemeji wa bwana harusi. Nyingine zote zilivuka.

Ijumaa Daktari alikuja na diski mpya. Ile ya zamani aliichomoa, akaiwasha pale pale mezani petu tuione. Ikatoa tk moja, ikanyamaza, na haikuamka tena. Mama aliomba kiti.

Kwa hiyo jana muuguzi alipokuja, Mama alikuwa hajalala vizuri. Akamwonyesha kazi, kisha akamweleza ukweli wote, diski, joto, hotuba iliyopotea. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Yule dada akashusha mkoba begani.

"Hotuba ya shemeji," akasema. "Ile aliyomtaja mchumba wa zamani wa mume wangu?"

"Hiyo," Mama akasema.

"Jamani. Mungu anasikia." Akacheka mpaka akashika ukuta. Amemletea Mama wafanyakazi wenzake wawili wenye harusi zinazokuja. Jana vitunguu vilikatwa kwa kuimba.

Sasa ombi langu. Tangu Ijumaa Bibi ameshika tena ndoano yake ya kufumia. Anafuma kitambaa kingine, sufu ile ile, ila hiki anasema kitakuwa na "madirisha" ya kupitisha hewa. Anafurahi, anaimba, na manyoya yanaruka. Mama anasema nimwambie mimi kwa sababu mimi ndiye mtaalamu. Nakuomba, Mjomba, ukipiga simu umwambie wewe. Wewe ni mwanawe, nawe uko mbali, hatakutazama usoni.

*

Nimeiacha kalamu, sasa narudi. Ni jioni kidogo. Bibi aliingia hapa na ufumaji wake, akakaa kitandani, akaniuliza, "Madirisha niyaweke wapi? Nionyeshe matundu yake yako wapi."

Nilitazama barua hii. Nikaona ni uvivu kumtuma mtu aliye nchi nyingine aje aseme neno kwa mtu aliye kitandani kwangu.

Nikamwambia. "Bibi, ile mashine haitaki sufu. Hata yenye madirisha. Inavuta manyoya ndani."

Akaendelea kufuma mistari kadhaa. Moyo wangu ulikuwa unapiga tk, tk. Kisha akasema, "Haya. Lakini nimeshafuma nusu. Kisichotaka sufu kimeshasema. Nani anataka?"

Nikasema, "Mjomba. Yuko kwenye baridi."

Ameondoka kwenda kuanza upya, kwa urefu. Kwa hiyo usimpigie kuhusu lile ombi, limekwisha. Ila barua hii itasubiri siku chache, maana itakuja na kifurushi. Ni skafu, rangi ya chungwa, ina marinda mwishoni. Ivae kifuani kwa ajili ya kile kikohozi, na ukiinama juu ya injini inayowaka iingize ndani ya koti, tafadhali.

Mama anakusalimu, anauliza umekula nini. Daktari wa kona anakusalimu, anasema siku ukirudi anataka kuiona mikono iliyonifundisha mambo ya bisibisi. Bibi anakusalimu kwa sauti kubwa, nadhani umeisikia. Nisalimie wenzako wa gereji. Mungu akulinde na chuma, baridi na upweke, na kazi ya mikono yako isikuchome.

Ukishaipata, Jumapili ukipiga simu, mwambie Mama anipe mimi kwanza.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikinyamaza,

Redio
(betri zimepatikana)