Tatu kwa Kumi

Bukima, Jumatano

Hata leo hakuja. Kila siku ya kliniki naangaliaga mlangoni, namtafuta Masatu kati ya watoto wote waliobebwa, na hayumo. Natamani kumshika tena, hata mara moja.

Alizaliwa mikononi mwangu, amelegea, hakulia. Dakika ya kwanza nikampa alama tatu kwa kumi, zile za pumzi, mapigo ya moyo na rangi. Nikamsugua mgongo, nikampulizia hewa kwa mfuko wa kupumulia, dakika ya tano akapata nane, kelele wodi nzima. Nikaandika zote mbili kwenye kadi. Wenzangu huwa wanaandikaga tu nane na tisa kwa kila mtoto, yaishe.

Mama yake, mtu wa kisiwani Rukuba, akaisoma ile kadi. "Sista, tatu kwa kumi? Mwanangu amefeli?"

Nikacheka. Nilikuwa nimechoka, nikacheka! Ilinipasa nimwambie alama ile inatuonyesha tu mtoto anahitaji msaada gani pale pale, haisemi atakuwa mtu gani. Ila wachache wanaoanza hivyo hubaki na shida, ndiyo maana tunataka kuwaona mapema. Lakini mama mwingine alishaanza kusukuma, nikakimbia.

Leo muuza dagaa wa Rukuba kaniambia mtoto yupo, mnene, ana meno mawili. Roho yangu ikatulia.

"Sasa mbona mama yake hamleti?"

"Anasema bado anamfundisha kukaa, Sista. Asije akafeli tena mbele yako."

Ana miezi tisa. Bado hajakaa. Na mimi nilicheka.