Kwa Wanza, Aliyeuliza Mbele ya Watu

Ni mwaka mmoja leo, Wanza, tangu tulipokulaza hapa nyumbani Mwala, kando ya kaburi la mamako.

Ulikuwa na miaka ishirini na sita. Ulikunywa chai bila sukari, na ulisoma ukitembea hadi mbuzi wakawa wanakupisha njia. Susu wako, mamangu Kamanthe, ulimwosha miguu kila jioni bila kuambiwa.

Uliposema utasomea falsafa chuoni, mimi babako nilikuuliza hiyo ni kazi gani. Hukukasirika. Ulisema, "Neno lenyewe maana yake ni kupenda hekima, baba. Si kuwa nayo. Anayeipenda huuliza, hata pale anapodhani anajua." Nikakwambia hekima huja na mvi. Majirani wakiniuliza unasomea nini, niliwajibu ualimu.

Ulirudi na shahada, kazi hukupata, ukachunga mbuzi. Kiangazi hicho ng'ombe wanne walikufa kwa wiki moja, wawili wakiwa wangu. Watu wakasema ni uchawi wa Kalunde, mjane anayeishi peke yake ng'ambo ya mto. Mkutano ukaitwa ili afukuzwe, na mimi ndiye niliyesimama wa kwanza kumshtaki.

Ukainuka kati ya akina mama, ukasema kwa upole, "Baba, umejuaje?"

Ukauliza tena: ng'ombe hao walikunywa maji wapi? Ni nani aliyemwona mama huyu akifanya lolote? Na tukikosea, nani atamrudishia nyumba yake? Mzee mmoja akakukemea kwamba mtoto hamhoji mzazi wake. Ukamjibu, "Pole, mzee. Naomba siku tatu tu, daktari wa mifugo aje kwanza."

Daktari alikuja siku ya pili. Pipa walilonyweshewa wale ng'ombe wote lilikuwa limetumiwa kuchanganyia dawa ya kupe, na halikuoshwa. Lilikuwa pipa langu.

Kalunde alibaki kwake. Hukunicheka, wala hukulitaja jambo hilo tena. Mimi ndiye niliyenyamaza. Wiki tano tulikula meza moja bila neno, kwa sababu ya aibu yangu. Ulipougua nimonia nikakupeleka hospitali Machakos, nikijiambia tutazungumza ukipata nafuu. Hukupata.

Mwezi uliopita nilivuka mto nikamwomba Kalunde msamaha. Aliniwekea kiti, akaniuliza kama nimekula. Nililia pale, mwanangu, maana wewe ndiwe niliyepaswa kuanza nawe.

Nyumba imenyamaza. Susu hasikii vizuri siku hizi, na dadako Emily huja mara moja kwa mwezi. Nikisema jambo mbele ya watu, wote huitikia, "Ndiyo, mzee." Hakuna anayenihoji. Sikujua kwamba mtu anaweza kukubaliwa na kila mtu na bado akawa peke yake hivi.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi saa nne asubuhi, kisha tutapita kaburini.

Tunaokukumbuka: babako Mbithi, susu Kamanthe, dadako Emily na mumewe Mumo, wa Konza, shangazi yako Mutanu wa Katangi, na watoto wake wote.

Siku zote tutakuwa nawe mioyoni, Wanza.