Sikio la Ng'ombe Kwenye Kioo

S.L.P. 9,
Garsen.
14 Machi 1998

Mpendwa Mjomba Abduba,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Jeddah, na Mama Muna na watoto? Sisi tu wazima wa mwili. Maji yamerudi mtoni, ila matope yangalipo hata ndani ya ghala ninakofanya ukarani.

Kaka Jaldesa hajaonekana tangu mafuriko yamkute malishoni ng'ambo ya kijiji cha Wema. Wazee wanataka asomewe khitma, na mkewe Kadra akae eda. Mama amekataa, na ndiyo sababu ninakuandikia.

Watu wa misaada walileta kanda ya video waliyoipiga kutoka kwenye ndege mwezi Januari. Mansur aliionyesha hotelini kwake kwa jenereta. Kuna kisiwa cha matope, na juu yake mtu aliyejifunika shuka, amemshika ng'ombe pembe. Mama hakumtazama mtu. "Watu hufanana," alisema. "Nionyesheni sikio." Alama yetu unaijua: mikato miwili, sikio la kushoto.

Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo cha televisheni. Mansur akamtania, "Mama Jaldesa, ukisogea tena utalowa." Naye akaendelea kulitafuta sikio.

Mimi nikiwa mlangoni naiona mikato miwili wazi kabisa. Nikikaribia, sikio linayeyuka, vinabaki vitone vya kijivu.

Uliandika kwamba dukani kwenu imeingia televisheni yenye mistari ya picha maradufu, mtu huona hata unywele. Mama ameishika habari hiyo kama dawa. Mimi nina shaka. Kama kamera haikulishika sikio, kioo kitalitoa wapi? Hata hivyo nakutumia kanda kwa mkono wa Mzee Buya, anayekuja Hija.

Nakuomba usianze kuitazama wewe, maana unajua unachokitafuta. Mkalishe Muna, aliyezaliwa huko na asiyezijua alama zetu. Usimwambie lolote. Mwulize tu sikio likoje, kisha uandike alivyosema, hata kama ni vitone.

Macho yangu siyaamini tena. Juzi nilipita mnadani, na kila ng'ombe niliyemtazama kwa mbali alikuwa na mikato miwili.

Mama anakusalimu sana. Kadra pia, asubuhi bado anamtengea mumewe maziwa, jioni tunayamwaga. Msalimie Mama Muna. Mungu awahifadhi, na kila aliye mbali amrudishe kwao.

Mpwa wako akupendaye,
Sadik Godhana