Tulimlilia Mjane wa Kitabuni

Lubumbashi, Jumapili baada ya misa

Yaya wangu Masika, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Mgongo wa mama unaendeleaje? Anaweza tena kukaa kanisani mpaka mwisho wa misa, au bado mnamwacha nyumbani na rozari yake? Na nyinyi huko Butembo, mnapata usingizi? Kila asubuhi nafungua redio na kusimama mlangoni mwa jiko, nikingoja wasitaje upande wenu. Wasipoutaja ndipo nawasha makaa.

Sisi tuko hai. Muhindo bado anashinda barabarani na lori la maharagwe, mimi nashinda depo, kwenye ghala kule mjini, na jioni narudi nyumbani Kasungami na vumbi mpaka kwenye meno. Huu ni mwezi wa baridi. Asubuhi mikono inauma, na maji ya kisima yanakata kama kisu. Sina cha kukufurahisha, yaya, na sitajifanya ninacho.

Ulinituma jambo, nami nimekawia kukujibu. Ulisema wanawake mnaosoma nao pale parokiani, wale waliokimbia vijiji vyao, wanataka riwaya za ukoo. Vitabu virefu, babu azaliwe mwanzoni na kitukuu abatizwe mwishoni. Uliniambia, "Maisha yao yamekatwa vipande, Kahindo. Wanataka kuona kitu kisichokatika." Neno hilo nimetembea nalo muda mrefu. Ningekupigia simu, ila siku hizi chumba cha pili analala Mama Odile, na ukuta wetu ni wa tofali moja, anasikia kila neno. Ndiyo maana naandika, na shemeji yetu mfanyabiashara atakuletea barua hii pamoja na vitabu.

Anzeni na kile cha ukoo wa wafinyanzi. Kifaransa chake ni chepesi, sura zake ni fupi, hata anayesoma pole pole hataachwa nyuma. Shida ni majina: mtoto anapewa jina la babu, na mjukuu naye jina lilelile, mpaka mtu hajui nani amekufa na nani anaoa. Chora ukoo wote ubaoni kwa chaki, na kila mtu akizaliwa mumwongeze. Ile sura ya mahari mtacheka. Mwacheni asiyeweza kusoma vizuri asikilize tu, wala msimlazimishe kusoma kwa sauti.

Cha pili ni kile cha mapacha wawili walioolewa katika miji miwili na hawakuonana tena mpaka uzeeni. Ni kizuri lakini kizito. Katikati kuna kifo cha mtoto, kimeandikwa polepole, na mwandishi hamhurumii msomaji. Waambieni mapema wale waliozika watoto. Anayetaka kuruka sura hiyo airuke, wala asiulizwe.

Cha tatu ni cha ukoo wa fundi wa reli, vizazi vinne, kurasa nyingi kama Biblia. Katika vyote hicho ndicho kizuri kuliko vingine. Na hicho lazima nikueleze yaliyotupata tukikisoma.

Kikundi chetu tulikuwa tunakutana kila Jumamosi alasiri nyumbani kwa Mama Odile, hapa hapa Kasungami. Huyu mama ni mwalimu mstaafu, familia yake ya Pweto. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa reli, kama yule wa kitabuni, ndiyo maana tulikichagua. Nyumba waliijenga wenyewe wawili, yeye akifundisha mchana na kupiga tofali jioni. Walizaa mara mbili na watoto wote wawili hawakukua. Alikuwa na kabati la vitabu sebuleni, lenye milango ya kioo, na ukifika alikuwa anakwambia, "Chagula, mwanangu, bitabu bisikale bule mu kabati." Yeye ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu bila kujua mtu. Sikuwa na mama hapa, yaya, nikampata yeye.

Wasemaji wakubwa wa kikundi walikuwa wawili. Mmoja ni Baba Célestin, karani mstaafu, anayejua sheria na kupenda ijulikane kwamba anaijua. Mwingine ni Mama Josée, muuguzi, mwenye machozi ya karibu.

Katika kile kitabu, fundi anakufa, na ndugu zake wanakuja kumtoa mjane wake, Eufrasia, kwenye nyumba aliyoijenga naye. Sura hiyo tuliisoma Jumamosi mbili. Mama Josée alilia mpaka akaazima leso yangu. Baba Célestin alisimama wima kama yuko mahakamani.

"Hapana," akasema. "Sheria inalinda mujane. Kama mi nilikuwa pale, hakuna muntu angetoa hata kikombe mu ile nyumba."

Sote tukaitikia. Mama Odile alikuwa anamimina chai. Akasema tu, "Ungekuwa pale, Baba Célestin, ungefanya nini kwanza?"

"Ningesimama ku mulango," akajibu.

Wakati huo mume wa Mama Odile alikuwa amezikwa tangu masika. Mashemeji walikwisha kuja mara kadhaa wakizunguka nyumba, wakigonga kuta kama mnunuzi anayemkagua mbuzi. Yeye hakutuambia. Nilijua kwa sababu nilikutana nao langoni, nikamwuliza, akasema, "Banapita tu, mwanangu. Tusome."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumefungua kitabu pale tulipoishia. Gari dogo la mizigo likasimama nje. Akaingia mdogo wa marehemu na vijana wenye mabega mapana. Hakuwa mkali. Alitusalimu wote mmoja mmoja, akamwita Mama Odile "bibi ya yaya yangu," yaani mke wa kaka yake, akasema familia imekaa na kuamua.

"Nyumba iko ya damu," akasema. "We haukutuachia mutoto mu hii familia. Tutakubeba vizuri mpaka kwa benu, Pweto. Hatuna vita na weye."

Mama Odile alibaki amekaa. Akasema, "Kule Pweto hakuna tena muntu anayenijua. Niliondoka mutoto."

"Ndugu zako watakupokea."

"Baliisha kufa."

Vijana walikuwa wamekwisha kuanza na kabati. Hawakutoa vitabu kwanza, walilibeba nalo likiwa limejaa, milango ikafunguka, vitabu vikamwagika mlangoni, na mmoja wao akawa anavisukuma kwa mguu apate njia. Nilimtazama Baba Célestin. Alikuwa anafuta miwani. Aliifuta, yaya, mpaka nikadhani kioo kitatoboka. Mama Josée alikuwa ameinamia kurasa kana kwamba anatafuta mstari. Wengine walikuwa wakitazama viatu vyao.

Mimi nilisimama nikashika mguu wa kabati. Nguvu sikuwa nazo, nilishika tu. Nikasema, "Baba, huyu mama ana haki, nendeni kwanza mbele ya mtawala." Mdogo wa marehemu akanitazama bila hasira.

"Mama ya Kivu," akasema, "we uko mugeni. Uko naona mambo ya bantu kwa dirisha. Achilia kabati, itakuangukia."

Nikamgeukia Baba Célestin. "Baba, sema neno. Wewe unajua sheria."

Akavaa miwani yake. "Haya ni mambo ya familia, mama," akanijibu. "Muntu wa inje haingiliake."

Ndipo nikaachia, kwa maana mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi na hakuna mwingine aliyekuja kushika upande wa pili. Mama Odile alipita katikati yetu na begi moja na picha ya mume wake. Alipofika kwenye vitabu vilivyomwagika alivikwepa, hakukanyaga hata kimoja, wala hakuokota.

Nilimleta kwangu. Muhindo aliporudi safari akamkuta, akanivuta pembeni na kuniuliza atakaa muda gani, nikamwambia sijui, na tangu hapo anamletea ndizi. Mume wangu ana kasoro zake lakini namshukuru kwa hilo. Tulikwenda ofisini kwa mtawala. Tulikaa kwenye benchi mpaka jua likahama ukuta mmoja kwenda mwingine. Yule aliyetusikiliza alisema tukaelewane kwanza kifamilia. Mama Odile akamwambia, "Familia yangu ilikuwa bwana yangu." Akatujibu turudi wiki nyingine. Tulirudi. Wakili anataka vitu ambavyo hatuna. Sasa kwenye nyumba ile kuna wapangaji, na nikipita naona wameanika nguo kwenye ua wake wa maua.

Huwezi kuamini, kikundi kinaendelea. Kilihamia kwa Baba Célestin. Waliniita, nami nikaenda, sijui kwa nini. Labda nilidhani watakuwa wamekaa kupanga la kufanya. Niliwakuta wamefungua sura inayofuata, Eufrasia analala kwenye baraza ya kanisa, na Mama Josée yuko tayari na leso yake mwenyewe. Baba Célestin aliuliza nina maoni gani.

Nikasema, "Mama Odile anakohoa. Anahitaji blanketi la pili."

Wakatazamana. Mama Josée akasema, "Maskini, tutamuombea." Baba Célestin akangoja kidogo, kwa heshima, kisha akasema, "Tuendelee." Nikachukua kitenge changu nikaondoka. Blanketi halijafika mpaka leo.

Yeye mwenyewe hasomi tena. Nilimwekea kitabu cha wafinyanzi karibu na kitanda, akakigeuza uso chini. Anakula kidogo bukari, ugali wa huku, anakaa uani juani, anaangalia kuku wa jirani. Alikuwa mwanamke wa kuuliza maswali, yaya, mtu ambaye usingeweza kupita bila kukupa neno. Sasa nikirudi kutoka depo namkuta mahali palepale nilipomwacha, na naogopa siku nitakayomkuta amekaa hapo na yeye mwenyewe nisimkute. Nami kitu fulani kimezimika ndani yangu. Nilikuwa naamini mtu akisoma sana atakuwa mtu. Ndivyo baba alivyotufundisha, akiuza mbuzi wake ili twende shule. Sasa sijui tena aliwauza kwa nini.

Juzi, nikimpaka mafuta kifuani, ghafla akaniuliza, "Mulifika wapi mu kile kitabu?"

Nikamwambia niliwaacha wenzetu pale Eufrasia akiwa barazani.

"We ulikimaliza?"

"Nilikimaliza, mama."

"Nyumba, balimurudishia?"

Nilifikiri kumdanganya, lakini sikujua uongo upi ungemuuma kidogo. Nikamwambia ukweli. Katika sura ya mwisho mjukuu anakua, anakuwa mwanasheria, anarudi na karatasi, na bibi Eufrasia anaingia tena nyumbani kwake kwa mlango mkubwa, watu wakipiga vigelegele.

Akafunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, polepole, akajilaza upande wa ukuta.

"Basi," akasema, "ile iko kitabu."

Tangu hapo hajaniuliza kitu kingine.

Sasa, yaya, ulitaka nikuchagulie. Vyote vitatu vimo ndani ya kifurushi, hata hicho cha reli, sikuwa na moyo wa kukitupa. Lakini usikitoe haraka. Kabla ya kukifungua, watazame wanawake wako usoni. Kama kuna mmoja ambaye mashemeji wanamgongea kuta, acheni kitabu kifungwe, mwende kwake nyote mkae uani mwake siku nzima, hata kama hamjui la kusema. Mkishindwa hilo, basi someni vitabu vya mapishi. Sikuandikii kwa hasira. Hasira ilikuwa mwanzoni, sasa imebaki baridi tu.

Msalimie mama, mwambie nimepokea majani ya dawa aliyonitumia na ninayatumia kwa mwingine. Msalimie mume wako, shemeji yangu mpenda kelele, na binti yenu mkubwa aliye shule ya ualimu. Sijui nimshauri nini kuhusu kazi hiyo, mwambie tu namkumbuka. Msalimie shangazi muuza vitenge, na mjomba Kambale wa kwaya, kama sauti bado ipo. Kaka yetu aliyebaki kijijini, mkimpata kwa simu, mwambieni ashuke mjini, mashamba yatangoja.

Salamu za Mama Odile sikuletei, maana hajui kama nimekuandikia habari zake.

Mdogo wako akupendaye, aliye mbali nawe,

Kahindo