Bomba la Upande wa Ziwa

Gisenyi, 9 Julai 2024

Dada yangu mpendwa Laurence,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini barua hii itakukuta mzima hapo Goma pamoja na watoto. Mimi mwili uko salama, moyo ndio mgonjwa.

Umeniuliza kama ni kweli shemeji Vénuste amefukuzwa kazi kwa uzembe, ukaniandikia kwamba wiki ya pili sasa husemi na mumeo kwa aibu. Kufukuzwa ni kweli. Mengine nisikilize mpaka mwisho.

Tulikuwa tunafunga mitambo ya hewa katika hoteli mpya karibu na ziwa, yeye fundi mkuu, mimi chini yake. Mashine za kukaushia shuka zinatumia gesi, na moshi wake hauonekani. Shemeji alichora kwa chaki njia ya bomba la kuutoa mpaka juu ya paa, mbali na tundu linaloingiza hewa safi katika chumba cha kupigia pasi. Siku ya kulifunga, foleni ya mpakani, pale Petite Barrière, ilimchelewesha. Bomba likatokezwa ukutani, upande wa ziwa, mita moja tu kutoka tundu lile. Asubuhi hiyo mashine zikajaribiwa, moshi ukaenda zake ziwani. Shemeji alipofika aliambiwa bomba limefika paani, akaamini.

Lakini upepo wetu unaujua, dada. Asubuhi unashuka milimani kwenda ziwani, mchana unageuka. Kesho yake mchana moshi ulirudishwa ukaingia ndani, na Mama Cansilde, mpiga pasi, akaanguka kwenye meza yake. Siku mbili hospitalini hakumtambua hata binti yake. Sasa ana nafuu, Mungu ashukuriwe, ila mikono bado inamtetemeka.

Bosi alituita wote, akauliza nani alitoboa ukuta ule. Shemeji akasema ni yeye.

Dada, ni mimi. Zege la paa lilikuwa gumu, nami nilitaka kumaliza upesi nionekane fundi. Mjanja mimi! Nikamwacha abebe kosa langu. Nilipomfuata nje nikilia, alinijibu tu: “Bon, we nyamaza. Laurence iko na ndugu mumoja tu.”

Kesho nakwenda kwa bosi kusema kweli, kisha kwa Mama Cansilde, lolote na liwe. Wape watoto salamu za mjomba wao. Na leo usiku zungumza na mumeo, dada. Mwombe radhi, yako na yangu, maana mimi uso wa kumtazama sina.

Mdogo wako,
Gad