Ua Niliouziba

Mdogo wangu mpendwa,

Kamwene, kama huko Mbeya bado unaitikia salamu ya kwetu.

Leo asubuhi nimemkumbuka Bibi. Wewe ulikuwa na miaka saba, mimi kumi na miwili. Tulikuwa tukipukuchua mahindi katika ua wa nyumba yetu ya tembe hapa Kilolo, naye akitusimulia tembe la Mtwa, mtawala wa Wahehe, ambamo alikulia akiwatumikia wake wa mtawala huyo. Kuta za nje hazikuwa na madirisha. Milango yote ya vyumba ilitazama ndani, kwenye ua. Humo ng'ombe waliingizwa vita vilipokaribia, humo wanawake walianika ulezi, na humo Mtwa alisikiliza mashauri.

"Kwa hiyo alikuwa anaamua kesi huku ng'ombe wanakunya?" uliuliza.

"Tena walikuwa na adabu kukushinda wewe," Bibi alikujibu, nawe ukacheka hadi ukapindua ungo.

Kisha akatueleza jambo ambalo sikulizingatia. Tembe lile lilikuwa na lango moja tu. Waliogombana walipita hapo hapo, wakaketi chini, na hakuna aliyetoka kabla hawajasalimiana.

"Mtwa hakuwa na chumba kikubwa," alisema. "Ukubwa wa nyumba yake ulikuwa pale katikati, pasipo na kitu."

Nilipokuwa mtu mzima, mwalimu niliyezoea kusahihisha wengine, niliona kwamba pasipo na kitu ni mahali pa kujenga. Baba alipofariki, nilisimamisha nyumba ya matofali katikati ya ua wetu na kuifungulia geti langu barabarani. Uliniuliza swali moja tu: "Kaka, sasa tutakaa wapi?" Nikakujibu kwamba kila mtu akae sebuleni kwake. Mwaka uleule ulihamia Mbeya.

Mama alipofariki, ulikuja. Uliingia kwa lango la zamani la tembe letu, mimi kwa geti langu. Waombolezaji wako walikaa upande wako, wangu upande wangu, nyumba yangu ikiwa kati. Nilikusikia ukilia, nilikutambua kwa namna unavyovuta pumzi, kama utotoni. Sikuzunguka kukufuata, kwa sababu nilitaka uanze wewe. Ukarudi Mbeya hatujasalimiana.

Nyumba siwezi kuibomoa. Wajukuu wanalala humo. Lakini wiki iliyopita nililing'oa geti langu, na fundi akaliziba pengo kwa matofali. Jirani ananicheka: "Mwalimu, umejifunga jela mwenyewe?" Sasa kila siku napita lango la zamani, mbele ya vyumba vyako. Hapo pamebaki kipande cha ua kinachotosha mikeka miwili. Nimekifagia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo tuketi chini. Ukiingia, hutanikosa, sina tena pengine pa kupita.

Ni mimi kaka yako,
niliyepaswa kuanza.